Viazi vya Mchana wa Ramadhani

Nicheke nini, wakati aibu ni yangu mwenyewe? Hedhi yangu ilikoma mwaka jana nikamficha mume wangu, kwa sababu nilimsikia akimwambia mdogo wake kwamba nikikoma kuzaa ataoa mwingine. Ramadhani ilipoingia nikaona njia. Mwanamke aliye kwenye siku zake hafungi, basi na mimi nikaacha kufunga. Nikakaa mlangoni na sufuria ya viazi, nimeshika tumbo, natafuna kwa kelele kama mbuzi ili akipita anione. Mungu anisamehe, hata njaa sikuwa nayo.

Jioni tukakaa kufuturu. Baridi ya kwetu Lukozi, huku milimani, ilikuwa kali, wote wamejifunika mablanketi. Ghafla joto likanipanda kifuani, jasho likadondokea kwenye uji, nikautupa mtandio.

Mama mkwe akanitazama. "Mwanangu, jasho hilo nalijua. Wewe siku huna tena. Kesho funga."

Nikamgeukia mume wangu, tayari kuapa. Yeye anakunywa uji wake taratibu.

"Mama Zubeda, mimi najua tangu mwaka jana," akasema. "Posa nilishapeleka kijiji cha Shume kabla ya mfungo. Sasa dhambi hiyo uliibeba ya nini?"