Tela Lililoinua Pua

Habari ya kifo niliipata sokoni, nimeshika chungwa, najiuliza kama lina maji. Muuzaji akaniambia, "Yule bwana wa tela hatunaye tena." Nikaliweka chungwa chini, nikasema yale tunayoyasema, halafu nikalichukua tena na kulinunua, maana nilikuwa nimeshalibonyeza sana. Jina la marehemu silitaji, kama mlivyonizoea, na wala sidhani kama lingewasaidia. Hapa Chumbageni hata majirani wa ukuta mmoja naye walimwita bwana wa tela. Alikuwa na pikapu kuukuu na tela la magurudumu mawili, na kazi yake ilikuwa kupeleka vitu vya shughuli: turubai, viti, mikeka na sufuria za pilau. Penye arusi alitangulia yeye, na penye msiba vilevile. Sikuwa mtu wake wa karibu sana. Wapo wanaostahili kumwandika kuliko mimi, ila wao hawana safu gazetini.

Jambo aliloliogopa duniani, nilivyomwona mimi, lilikuwa kuchelewa msibani. Arusi inaweza kungoja, alikuwa akisema, kwani bi arusi mwenyewe huwa hajamaliza kuvaa. Lakini watu wa msiba wanakaa wapi kama turubai halijafika? Basi masika moja alikuwa anapeleka vitu vya msiba huko Maramba, kwao alikozaliwa. Njia ya kuingilia kijijini ilikuwa imegeuka uji. Pikapu ikakaa tumbo juu ya matope, magurudumu yanazunguka tu, na tela nyuma limetulia kama halihusiki. Alipofika, waombolezaji walikuwa wamebanana chini ya vipenu, wamelowa mpaka kofia. Mzee mwenye msiba alimpokea vizuri sana. Akamwambia, "Pole na safari, mwanangu. Tumeshamzika. Lakini mvua bado ipo, funga tu hilo turubai." Marehemu alinisimulia maneno hayo mara nyingi. Nadhani kama yule mzee angemtukana, marehemu angelala vizuri zaidi.

Ndipo alipoipeleka pikapu kwa fundi mmoja wa Pongwe, ikainuliwa. Ikawekewa springi ndefu, vipande vya chuma vya kuipandisha bodi, na matairi makubwa. Ilirudi mtaani imekuwa mnara. Nitende haki: kwa matope ilifaa, na sikumbuki kusikia imekwama tena. Tatizo la kwanza lilikuwa la adabu. Akiwapita wazee wanaotoka msikitini, shikamoo yake ilikuwa inawadondokea kutoka juu, nao inabidi wainue shingo ili kuitikia marahaba. Mmoja alilalamika kwamba anaamkiwa kama mtu aliye kisimani. Marehemu akaanza kusimamisha gari na kushuka kila anapomwona mzee, na kwa mtaa wetu ulivyo na wazee, safari ya kwenda dukani ikawa shughuli nyingine.

Tatizo la pili lilikuwa tela. Hilo nililiona mwenyewe, siku tuliyopeleka vyombo vya arusi hukohuko Maramba. Tulikuwa watatu mbele: yeye, mimi niliyeomba lifti, na mama mmoja mpishi wa shughuli, mwenye zile sufuria na magunia ya mchele yaliyokuwa kwenye tela. Mama huyo na marehemu walikuwa watani, yeye Mbondei, marehemu Mdigo, na kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, nayo ruhusa hiyo aliitumia yote. Tulipoipita Pongwe, gari likaanza kuvutwa mkia, mara kulia, mara kushoto.

"Mtani," akasema yule mama, "gari lako linakwenda Maramba. Mbona tela linataka kurudi nyumbani?"

"Upepo huo."

"Upepo! Na minazi ile pale imelala usingizi?"

"Upepo wa chini, mtani. Wewe wa jikoni hutaujua."

Wakati huohuo kilisikika kishindo. Mlango wa nyuma wa tela ulikuwa umefunguka, na sufuria kubwa kuliko zote inajiviringisha barabarani kuelekea mjini, kwa mwendo mzuri tu. Marehemu akakanyaga breki. Pikapu ile tangu ipande ilikuwa nzito kusimama, na tela likatusukuma kwa nyuma kama mtu aliyechoka foleni. Tuliposimama, mama akashuka, akaifuata sufuria yake, akairudisha akiwa ameikumbatia, kisha akasimama kando ya barabara akilitazama tela kwa ubavuni.

"Njoo uone, yakhe. Limeinua pua kama mtu aliyesikia harufu ya mwenzake. Mchele wangu wote umekwenda kukaa matakoni. Wewe umejiinua, nalo tela ukalinyanyua kwa shingo."

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba na mambo ya magari nayajua kwa kupanda tu, kwa hiyo nieleze nilivyoelewa. Ndoano inayovuta tela imefungwa kwenye gari. Gari likipanda, ndoano inapanda, na pua ya tela inapanda nayo. Mzigo unateremkia nyuma. Sasa tela linatakiwa liikandamize ile ndoano kidogo, kama mtu anayekushika bega gizani, ndipo linafuata kwa utulivu. Likiacha kukandamiza, au mbaya zaidi likianza kuinyanyua, linayumba, na likiyumba sana linaliyumbisha na gari. Siku ile tulisogeza magunia ya mchele mbele, tukaenda polepole, tukafika. Nilimuuliza fundi baadaye kama alimtahadharisha. Akasema aliletewa gari ainue, akainua, tela hakuletewa. Sioni pa kumlaumu, ingawa nimejaribu.

Dawa ilikuwa ndogo: chuma kilichokunjwa kwenda chini, cha kuishusha ndoano hadi tela likae sawa. Marehemu akakataa. "Nimehangaika kupanda," akaniambia, "leo nishuke tena?" Mama mpishi akamjibu mbele ya watu, kibarazani, "Hushuki wewe, mtani. Inashuka ndoano. Lakini kama hutaki, sufuria zangu hazipandi tena humo. Nenda na turubai lako, uwafunike watu wenye njaa." Maneno hayo yalimfika. Bila sufuria angefika msibani kwa wakati, lakini angefika nusu. Alinuna siku kadhaa. Kisha asubuhi moja tukaona tela limekaa sawa kama meza. Alipoulizwa, alisema chuma kimejipinda chenyewe kwa uzito. Fundi anasema chuma cha unene ule hakijipindi. Mimi sikuwepo, kwa hiyo nayaandika yote mawili.

Nimekuwa nikifikiri, labda zaidi ya inavyostahili. Siku hizi mjini kwetu kila mtu anainua kitu. Jirani anainua msingi wa nyumba ili mvua isimwingilie, na maji yanahamia kwa mwenzake wa bondeni. Mtu anapandishwa kazini, halafu anashangaa mbona ndugu zake wanayumba wakija kumwona, hawajui wakae wapi wala waseme nini. Sisemi watu wasipande. Matope yapo kweli, na aliyekwama humo mbele ya wenye msiba ana haki ya kutafuta njia ya kuyavuka. Nasema tu kwamba wengi wetu hatuko peke yetu barabarani, nyuma kuna kitu tumekifunga wenyewe.

Alizikwa kwao Maramba, na alikwenda kwa pikapu yake, nduguye mkubwa akiendesha. Kulipandisha jeneza kulikuwa kazi. Waliobeba walikuwa wa vimo mbalimbali, na bodi ilikuwa kifuani mwa mrefu kuliko wote. Ikabidi vishushwe viti viwili kutoka kwenye tela, viti vyake mwenyewe, wafupi wasimame juu. "Alitaka tuinue shingo kumtazama," akasema mama mpishi. "Haya, inueni!" Watu walicheka, na wengine walilia, na wengine walifanya yote. Gari lilipowashwa, mama akaenda kusimama mbele yake na mwiko mkononi, kama watani wanavyoziba njia. Tulidhani anataka kitu chake cha utani, baadhi yetu tukaanza kupapasa mifuko. Akasema, "Wekeni huko. Haondoki mtu hapa mpaka niikague ndoano." Akazunguka nyuma, akainama, akakitikisa kile chuma, akalitazama tela kwa ubavuni kama siku ile. Alikaa hapo kitambo. Aliporudi, uso ulikuwa umelowa, na sauti ilikuwa ileile. "Liko sawa. Nendeni."

Mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma, macho yangu kwenye tela njia nzima. Halikuyumba. Njia ya kijijini ilikuwa na matope, nayo pikapu ikayapita. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, na jiko likawashwa kabla watu wa mbali hawajafika. Yule mzee wa msiba wa zamani bado yupo. Alitazama juu, akakaa chini ya turubai, akasema, "Leo amewahi."

Kama kuna funzo, nadhani ni hili, nanyi mtanisahihisha: ukijaaliwa kupanda, panda. Kisha shuka kidogo, uzunguke nyuma, utazame ulichokifunga kama kimekaa sawa. Yeye alizunguka, hata kama hakutaka tujue.