Mahindi ya Kukhu Yalipewa Daraja la Kwanza

Yule kijana wa ghala alituambia mahindi ni mahindi. Mpaka leo neno hilo halijanitoka.

Alikuja kwa kikundi chetu cha akina mama hapa Matete baada ya mavuno, amevaa viatu visivyojua tope. Akatueleza kwamba mabroka wanatumaliza, na sasa kuna soko la bidhaa. Unapeleka mahindi ghalani, yanapimwa, unapewa stakabadhi, unangoja bei ipande. Ukitaka, unaiuza stakabadhi kwa simu kwa mnunuzi ambaye hutamwona maishani. Nilimuuliza swali moja tu: na tukitaka mahindi yetu? Akasema tutarudisha stakabadhi na kuyachukua wakati wowote. Wenzangu wakanitazama, maana mimi ndiye niliyefika kidato cha nne. Nikaona hakuna ubaya.

Lakini ghala halipokei mzigo mdogo. Tulikusanya magunia nyumba kwa nyumba, bado tukapungukiwa. Ndipo mama mkwe wangu akateremsha mbegu yake. Kikundi kizima humwita kukhu, yaani nyanya, kama mtoto wangu anavyomwita. Mbegu hiyo alipewa na mamake alipoolewa. Kila mavuno alichagua mahindi makubwa, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko ili yapate moshi. Nyumba yetu haikuwa imewahi kununua mbegu dukani.

"Mimi hupandanga haya tu," alisema akiyapukuchua. "Mvua ikikaribia nitaenda kuyachukua."

Alifunga gunia lake kwa kitambaa chekundu alichochana kwenye leso, ili alijue.

Ghalani, kijana alichomeka mashine ya kupima unyevu, akatabasamu. Mahindi ya kukhu yalikuwa makavu kuliko yote. Daraja la kwanza. Kukhu alitembea siku hiyo kama bibi harusi, akawachokoza wenzake kwamba yake yamepita mtihani na yao yamebebwa tu.

Bei ilipanda kidogo, tukaambizana tungoje. Kisha mahindi ya nje yakaingia nchini, bei ikaporomoka na wanunuzi wakanyamaza. Hilo ningelimeza. Kupunjwa tumezoea. Lakini mawingu yalianza kukusanyika, nasi tukaenda kuchukua mbegu.

Walituletea gunia safi, limeshonwa kwa mashine. Kukhu alilizunguka mara mbili akitafuta kitambaa chake.

"Kijana, hili si langu."

"Mama, yote yalimwagwa pamoja. Mengine yameshaondoka na lori. Haya ni daraja lile lile, uzito ule ule."

"Na yangu?"

"Yako ndiyo haya. Mahindi ni mahindi."

Nilimuuliza kama mamake akichanganywa na wamama wengine wa uzito wake, yeye atachukua yeyote aende naye nyumbani. Wenzangu wakacheka. Kijana akainamia simu yake. Kukhu hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo wa lile gunia kama mtu anayengoja lijifungue lenyewe.

Nyumbani aliloweka kiganja kimoja cha mahindi hayo, akakifunika kwa kitambaa chenye maji. Hayakuota. Yalivimba, yakanuka. Jirani aliyewahi kufanya kazi ya vibarua ghalani alituambia mahindi yaliyoletwa mabichi hukaushwa kwa moto wa mashine, na moto ule huua moyo wa punje. Kwa kusagwa hayana shida. Kwa kupanda ni mawe. Huyo kijana hakutudanganya hata mara moja, na hilo ndilo linaloniua. Kwake hatukupoteza chochote. Kila kitu kilirudi, kwa kilo.

Stakabadhi ya magunia yaliyobaki tuliiuza kwa bei waliyotaka wao. Sehemu yetu ilinunua mbegu ya paketi ya kutosha nusu ya shamba. Mwaka ujao tutanunua tena, na unaofuata tena, kwa sababu watu wa dukani wenyewe wanasema ya paketi ukirudia kupanda mavuno yake inakosa nguvu.

Mvua imenyesha vizuri sana. Nusu nyingine ya shamba ina magugu. Juu ya meko imebaki kamba na masizi, na mtoto wangu bado huonyesha pale kwa kidole, akingoja kukhu amteremshie hindi la kuchezea.

Lile gunia tulilisaga. Unga wake ni mweupe kabisa. Kukhu anasema hiyo obusuma, yaani ugali, haina ladha, kisha anamega, anakula.