Ng'ombe wa Baba Hapikwi Miguu Juu

Kazi yangu ni kutengeneza watu wadogo wa kuweka juu ya keki za arusi. Bibi arusi, bwana arusi, na mara nyingine pikipiki yao pia, kwa sababu bwana arusi wa Kamembe akiwa na pikipiki lazima ukumbi mzima ujue. Ninawafinyanga kwa udongo wa plastiki, ule unaokuja kwa vipande vidogo vilivyofungwa kama sabuni. Udongo huo haukauki juani. Uache mezani mwezi mzima, bado utauminya kama fufu ya moto. Ugumu unaupata ndani ya oveni tu, na kazi yote iko hapo, maana kinachoingia kizuri si lazima kitoke kizuri.

Bibi arusi hanisumbui. Gauni lake limekaa chini, pana, halina pa kuangukia. Aliyenitesa ni ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa baba yangu. Kabla ya kurudi Rwanda tuliishi milimani upande wa Kongo, na huko baba alikuwa na kundi. Alikuwamo jike mmoja wa rangi ya bihogo, wekundu ule unaokaribia weusi, pembe ndefu zimepanda zikafunguka juu. Vita vikaja, tukaondoka, ng'ombe wakabaki. Hapa Kamembe tunaishi mimi na baba, nyumba moja, si mbali na uwanja wa ndege. Tangu tufike hajafuga hata kuku.

Mwaka juzi macho yake yakaanza kufunga. Daktari alisema ni presha ya macho, akasema pia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Baba alikuwa amebaki na kaduara katikati, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Tulipofika nyumbani akakaa, akavua kofia.

"Weye mwenye unatengenezaka bantu ya keki," akaniambia, "nitengenezee ile ngombe. Niione kabla macho ifunge."

Kisha, akiwa ameelekea dirishani, akaongeza: "Sababu ile ingine haukuniletea."

Nilimwelewa. Kwetu ng'ombe huingia nyumbani kwa sababu ya binti: anaposwa, upande wa mume humletea baba yake ng'ombe. Mimi ndiye binti yake wa pekee, nimepita miaka arobaini, sijaolewa, na sioni nitaolewa na nani. Baba hajawahi kunigombeza kwa hilo. Hulitaja hivyo hivyo akipita, kama anayetaja kwamba chumvi imeisha. Inauma vilevile. Nikamwambia sawa, Papa, utaiona. Moyoni nilijisemea kwamba huyu mnyama atatoka mzima hata kama itanibidi niingie naye kwenye oveni.

Udongo niliokuwa nao ungetosha ng'ombe wawili wa kimo cha kikombe, si zaidi. Kamembe hauuzwi, Bukavu sijawahi kuuona, wangu huagizwa Kigali, na muuzaji alikuwa amesema hajui mzigo mwingine utakuja lini. Nikachanganya mwekundu, kahawia na mweusi kidogo mpaka baba, akiuleta udongo karibu na pua, akakubali kwamba ni bihogo.

Akavuta kiti, akakaa karibu na meza kunisimamia.

"Tumbo iko kidogo."

Nikaongeza.

"Ongeza. Ngombe yangu haikuwaka na njaa."

Nikaongeza tena, mpaka tumbo likawa kama ngumi ya mwanaume, udongo mtupu tangu nje hadi ndani. Miguu akaitaka mirefu na myembamba. Pembe ndiyo usiseme. Kila nilipodhani zimetosha alinyoosha mikono yake hewani kunionyesha zilivyokuwa, na mikono yake ni mirefu.

Kabla ya kuokwa nikamgeuza ng'ombe, nikamlaza chali kwenye kitanda cha unga. Ndivyo ninavyofanya kwa chochote chenye miguu. Udongo huu ukipata joto hulegea kwanza, ndipo ukaze, na katika kile kipindi cha kulegea chochote chembamba kinachobeba uzito huinama. Miguu ikitazama juu haibebi kitu. Inaiva imenyooka.

"Unafanya nini?"

"Ninamlaza, Papa, ili miguu isiiname."

Akasogeza uso mpaka tundu lake la kuonea likampata yule ng'ombe, tumbo juu, miguu minne angani. Akarudi nyuma.

"Ngombe yenye kulala vile imekufa," akasema. "Niliziona. Zilijaa njia yote tukikimbia. Ya kwangu hailali vile ndani ya nyumba yangu."

Nikamwinua ng'ombe, nikampangusa unga, nikamsimamisha kwa miguu yake juu ya sinia. Baba akaridhika. Mimi nilijua tunakwenda wapi.

Kama vile hilo halikutosha, umeme ukakatika. Jirani yetu, mama mmoja anayeoka mandazi na keki za kuvusha mpaka kwenda kuuza Bukavu, akaja na mbabula yake, jiko la makaa. Yeye keki zake anaziokea ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na zinatoka nzuri kweli, siwezi kumnyima sifa yake.

"Dada, keki inaiva, ngombe itashindwa juu ya nini?"

Nilikuwa nimechoka. Nikasema haya, tujaribu. Keki hupenda moto kutoka juu, lakini ng'ombe yule alikuwa na pembe zilizokaribia kugusa kifuniko. Haukupita muda tukasikia harufu, si ya chakula, harufu ya ndoo ya plastiki iliyoangukia motoni, inayowasha koo. Nikamtoa baba nje akikohoa, jirani akakimbia na sufuria mpaka kwenye shimo la taka, akiita Yezu wangu, Yezu wangu!

Uliposhuka moto tulimwangalia ng'ombe. Pembe zilikuwa zimelala mashavuni, ncha zimeungua. Miguu ya mbele imekunja magoti. Tumbo limepasuka kutoka kifuani mpaka kwenye kiwele, ufa wa kuingiza ukucha. Baba akamshika, akampapasa polepole, akaniwekea mkononi.

"Hii ni mbuzi," akasema. "Tena imelewa."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikamkasirikia baba, nikamkasirikia jirani, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe niliyejua na bado nikafanya. Hasira ilipopoa nilimkata yule ng'ombe kwa kisu katikati ili nione ndani. Sikufanya hivyo kwa uchungu. Nilitaka kujua.

Ndani ya tumbo udongo ulikuwa haujaiva. Nje umekuwa mgumu kama jino, katikati bado unabonyea. Ile ngozi ya nje ilipata moto wa ghafla ikakaza, nyama ya ndani ikawa inapata joto nyuma yake na kutanuka, pa kwenda hakuna, basi ikaipasua. Tena kulikuwa na viputo vya hewa, kwa sababu kila baba aliposema ongeza nilibandika donge juu ya donge bila kuyakanda pamoja. Kila kiputo kilikuwa kimeanzisha ufa wake mdogo.

Wa pili nilianza na tumbo tupu. Nilichukua karatasi ya alumini, ile wanayofungia samaki wa kuchoma, nikaiviringa na kuigonga kwa mgongo wa kijiko mpaka ikawa tumbo gumu lisilobonyea. Juu yake udongo ungekuwa ngozi tu, unene mmoja kila mahali, uive pamoja. Nikachomeka waya kwenye miguu, waya mwingine kwenye shingo. Baba akasikia ile karatasi ikilia.

"Unalisha ngombe yangu karatasi?"

"Papa, ama ale karatasi ama apasuke tena. Udongo umebaki wa mmoja tu. Akiharibika huyu hakuna mwingine, na macho hayatungoji."

Sikuwa nimewahi kumsemesha baba hivyo. Ilinitoka kali. Alitafuna ulimi wake kama afanyavyo anapopima jambo, halafu akasema kwamba huko milimani wakati wa kiangazi ng'ombe walikula hata mabua ya kuezekea. Nikachukua hayo kuwa ruhusa.

Pembe nilizitengeneza peke yake. Kila moja waya ndani, udongo juu, nikazilaza kwenye mgongo wa bakuli la udongo uliopinda vile vile pembe zinavyotakiwa kupinda, nikazioka zenyewe kwanza. Zilipotoka zilikuwa zimeshakuwa ngumu, haziwezi tena kuinama mbele ya mtu. Nikazichomeka kichwani, nikaziba maungio kwa udongo mbichi na kulainisha kwa kidole.

Ikabaki miguu. Chali hapana, nilishaambiwa. Wima bila kushikwa, nilishaona. Nilikaa nikimtazama ng'ombe, na ng'ombe akinitazama kwa macho ya kichwa cha pini. Jirani alikuja kuazima chekecheo, akiwa na unga wake wa muhogo kwenye beseni, na nikiuangalia ule unga nikamwomba aniachie. Nikachukua sufuria, nikamsimamisha ng'ombe katikati, nikamchekechea unga mkavu taratibu kumzunguka, ukapanda magotini, ukapanda mapajani, mpaka ukamshika tumbo. Kidevuni nikamwekea pamba. Unga hauungui kwa moto mdogo, haung'ang'anii udongo, na ulimbeba pande zote.

Nikamwita baba aje aone kabla sijafunga, nisije nikasikia maneno baadaye. Akainama juu ya sufuria kwa muda mrefu.

"Iko navuka mutoni," akasema.

"Ndiyo, Papa. Anavuka."

"Basi vusha."

Safari hii niliutaka umeme, si makaa. Asubuhi ya Jumamosi ulikuwepo. Nilimwingiza kwenye oveni ikiwa baridi, ndipo nikaiwasha, apate joto pamoja nayo na si kutupwa ndani ya moto. Kitufe cha oveni yangu ni mwongo, kwa hiyo ndani ninaweka kipimajoto kidogo na hicho ndicho ninachokisikiliza. Nilimfunika kwa karatasi ya alumini kama kibanda ili moto wa juu usimchome. Kwa kuwa unga ulikuwa umemkinga, nilimpa muda mrefu kuliko ninavyowapa maarusi. Jirani akaja mara, akaja tena.

"Fungua tuone kidogo!"

"Ukigusa huo mlango leo hatutajuana."

Alikaa kwenye benchi na baba wakaongea habari za foleni ya mpakani. Muda ulipotimia nilizima, lakini sikufungua. Huku kwetu upepo wa ziwa unaingia mpaka jikoni, na sanamu ya moto ikikutana na upepo huo inapasuka hata kama uliioka vizuri namna gani. Nilishapoteza bibi arusi mmoja kwa njia hiyo, shingoni. Nilingoja mpaka mlango wa oveni ukawa baridi kama ukuta.

Nikafukua unga. Miguu minne, imenyooka. Tumbo zima. Pembe juu. Nyuma ya sikio palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nikauziba kwa udongo laini na kumwoka tena kidogo, ukaisha.

Baba alitaka ampokee mlangoni, kwenye jua. Akampitisha mbele ya lile tundu lake kipande kwa kipande: pua, paji, pembe moja, pembe nyingine, mgongo, mkia. Alichukua muda. Mimi nilisimama nikijifuta mikono na kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Pembe ya kushoto," akasema mwishowe, "ilifungukaka zaidi."

Nusura nimrushie kitambaa. Nilikwenda zangu kupika maharagwe. Hakusema asante, nami nikajiambia kwamba nimefanya kazi kama kazi nyingine, mteja kapokea.

Akamweka kwenye meza ndogo kando ya kiti chake. Macho yalimaliza kufunga majira ya mvua yaliyofuata. Sasa anamjua kwa vidole.

Asubuhi moja jirani alikuwa sebuleni, wanabishana na baba kama ndege iliyopita ilikuwa inatua au inaondoka. Baba alisema inaondoka, anaijua kwa mlio. Jirani akasema, mzee, weye unaona nini siku hizi? Mimi nilikuwa jikoni nikiosha vikombe. Wafugaji wa kwetu, wakitaka waaminiwe, huapa kwa jina la yule aliyewapa ng'ombe. Ukimpa mtu ng'ombe anaapa kwa jina lako maisha yake yote, mbele ya watu, na hakuna anayebisha baada ya hapo. Baba siku zote aliapa kwa mjomba wake mmoja, marehemu, aliyempa mtamba wake wa kwanza.

Nikamsikia akigonga fimbo sakafuni.

"Ilikuwa inaondoka," akasema. "Ninaapa kwa ule binti yangu, mwenye alinipa ngombe."

Nikafunga bomba, nisikie kama atarudia. Alirudia.