Farasi Amelala

Diani siku hizi imejaa watu wenye farasi wasiojua farasi. Wanachojua ni picha. Picha ikishapigwa, mnyama hurudishwa bandani na chumvi yake mgongoni. Nimechoka kuwaambia: ukimtoa baharini mwoshe kwa maji ya kisima, maana chumvi ikikauka chini ya mkanda wa tandiko humla ngozi. Mchokoe kwato ukirudi, kwani matumbawe hayana huruma. Hunitazama kana kwamba nimewaomba kazi. Mimi nafuga farasi wawili kijijini Bongwe na kutembeza wageni ufukweni maji yakitoka, na wenye farasi wa namna hii nawadharau, wala sifichi.

Wa kwanza katika daftari la dharau zangu ni bwana mmoja wa Nairobi mwenye jumba karibu na bahari. Alinunua farasi jike wa kijivu, aliyestaafu mbio, kama mtu anavyonunua kochi: aliangalia rangi kwanza. Akaamuru majani yake yamwagwe mchangani mbele ya baraza, ili wageni wamwone akila. Nilimwambia amwekee kwenye karai, au hata atandike mkeka mkuukuu, kwa kuwa farasi anayeokota majani mchangani hula na mchanga, na farasi hawezi kutapika. Akanijibu kwamba punda wa Ukunda hula jalalani na hajasikia amekufa hata mmoja. Kichwa kikubwa, ndani upepo mtupu.

Mlinzi wake simdharau. Ni mtu mzima wa upande wa Mackinnon Road, kwao ni wafugaji wa ng'ombe, na jike lile alilipenda kuliko mwenye mali.

Asubuhi moja nilipita langoni kwake nikiwa juu ya farasi wangu. Mlinzi aliniamkia, nami nikamuuliza hali ya jike.

"Hajambo, mama. Tangu alfajiri amelala tu," akasema kwa furaha.

Nilishuka mbio. Kiswahili chetu kina neno moja kwa aliyejinyoosha chini na kwa aliyeshikwa na usingizi, na kwa mfugaji wa ng'ombe mnyama aliyelala ameshiba, anacheua. Farasi hacheui, na usingizi wake mwingi huupata akiwa amesimama. Nilimkuta jike anajilaza, anainuka, anajilaza tena, anageuka kutazama tumbo lake mwenyewe, jasho linamtiririka. Niliweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima hunguruma mchana kutwa, lakini lile lilikuwa kimya.

Tulimwinua, nikamwambia mlinzi ampigie tajiri wake. Akapiga, na kwa adabu zake akaanza na salamu, akaulizia watoto, ndipo akasema farasi amelala. Sauti ya upande wa pili niliisikia wazi, inacheka.

"Si ni poa? Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

Niliichukua simu nikamwambia farasi wake ana mchanga tumboni na atakufa. Akasema, "Madam, nyinyi watu wa farasi mnapenda drama. Mwache arelax, niko kwa mkutano." Akakata. Sijapata kumchukia mtu kwa methali kabla ya siku ile. Methali wametunga wahenga, wakaitunga kwa ajili ya watu, naye aliivaa kama miwani ya jua.

Nilimpigia daktari wa mifugo. Alikuwa Msambweni kwenye ng'ombe, akasema anakuja, tumtembeze, tusimwache agaagae. Palikuwa na mahali pamoja tu penye ardhi ngumu pa kumtembezea, pembezoni mwa bwawa la kuogelea. Tukazunguka hapo, mlinzi akivuta kamba na kumsemesha kwa Kiduruma, mimi nikisukuma nyuma. Mara mbili aliniuliza kama ni yeye aliyekosea. Nikamwambia hapana, na nilimaanisha.

Baada ya adhuhuri miguu ya jike iliishiwa nguvu. Daktari alipofika alimpima, akatikisa kichwa, akamchoma sindano ya kutuliza maumivu. Jike lilikata roho kichwa kikiwa juu ya sweta ya mlinzi.

Ilibidi tajiri aambiwe. Mlinzi hakukubali nipige mimi, alisema ni wajibu wake. Kwetu habari ya msiba haitupwi kama jiwe, huanzwa kwa upole, naye aliteremsha sauti mpaka ikawa karibu haisikiki.

"Bosi, farasi amelala."

"Si niliwaambia?" sauti ikajibu, imeridhika kabisa. "Alitaka tu kupumzika."

Mlinzi alinitazama, simu bado sikioni, midomo ikitafuta neno la adabu la kumsahihisha. Nikamwambia akate simu, tukatafute majembe.