Mkwe Wangu Aliniletea Lami Iliyoachana, Nikamwambia Aendelee

Admin, ficha jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, naishi Nyamugari, Gitega. Nilisomea ujenzi wa barabara, nikaifanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu. Sasa ini langu limekwisha. Daktari amenirudisha nyumbani nikapumzike, nanyi mnajua maana yake. Anayenilisha na kunigeuza kitandani ni binti yangu wa pekee, aliyeolewa Muyinga, akarudi hapa kunitunza.

Mumewe pia ni mtu wa lami, na mimi ndiye niliyemfundisha. Alipopewa kusimamia lami mpya ya uwanja mmoja wa ndege, sitautaja, alinialika kwake tule. Huniita Papa, yaani baba. Mbele ya wageni akasema, "Lami ya Papa iko ya baiskeli za vijiji vya Mutaho. Ndege nzito, hiyo iko kazi ya sisi vijana!" Watu walicheka mpaka wakamwaga vinywaji. Binti yangu alicheka. Nami nilicheka.

Baadaye akaniletea karoti. Ndivyo tunavyoita kipande cha mviringo kinachotobolewa kwenye lami ili kuipima. Yake ilikuwa imetoka vipande viwili.

"Papa, ni mashine imeivunja, ao matabaka hayakushikana?"

Karoti iliyovunjwa na mashine huwa na meno meno. Hii ilikuwa laini, ina vumbi katikati. Ile lami nyepesi ya kuyagandisha matabaka mawili haikumwagwa. Gari dogo lingepita hapo miaka mingi bila shida, lakini ndege nzito ikigeuka, magurudumu yake hulivuta tabaka la juu kama mkeka. Niliyajua hayo kwa kuishika tu.

"Ni mashine," nikamwambia. "We endelea."

Alishukuru, akaniachia sukari na mchele.

Ndege ya mizigo ilipokuja na kugeuka, lami ilikunjamana ikachanika. Hakufa mtu. Mkwe wangu alifukuzwa, na hakuna kampuni inayompokea. Analima kwao Mwakiro. Siwadanganyi, nilipopata habari nilifurahi.

Juma lililopita alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda changu. "Papa, unisamehe. Nimechafua kazi ulinifundisha. Lazima nilikuletea karoti ya mahali pengine, jicho lako halikosei. Kwa wakubwa mi sikutaja jina lako."

Binti yangu alikuwa mlangoni, analia. "Papa, mwambie hata neno moja."

Nikamwekea mkwe wangu mkono kichwani. Nikasema, "Nimekusamehe."

Nikisema ukweli, binti yangu ataondoka, nami nitafia kwenye mkojo wangu. Nikinyamaza, kijana yule atanizika akiamini kwamba hajui kazi, na hataigusa tena. Na lililo baya zaidi ni hili: hata leo, nikiwa sina nguvu ya kushika kijiko, kuna sehemu yangu inayotaka abaki akiamini hivyo.

Nishaurini ndugu zangu, nimwite au ninyamaze? Msikawie kunijibu.