Mama Alipokataa Kulala Chumbani

Célestine alikuwa fundi cherehani kule Bukavu. Huko Stockholm, Sweden, alisafisha wodi za hospitali, na alipanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani ya mbao kwenye kitongoji cha Jakobsberg. Septemba 2010 mama yake, Séraphine, alimfuata. Novemba theluji ikaanguka mapema, na kufikia Desemba bibi huyo alikuwa amehamia jikoni, analala kitini na koti lake.

"Mimi sirudi kule chumbani," alisema. "Dirisha linanipumulia shingoni."

Mwenye nyumba alisema madirisha yatatengenezwa kiangazi. Kiangazi! Célestine akamweleza Wilkister, Mkenya aliyesafisha naye wodi.

"Dada, washa mshumaa uupitishe polepole pembeni mwa dirisha," Wilkister akamwambia. "Moto wenyewe utakuonyesha."

Jumamosi alifanya hivyo. Pale penye ufa, moto ulilala kabisa. Kila ulipolala alitia alama kwa chaki ya ushonaji, na alipomaliza dirisha moja alama zilikuwa ishirini na tatu. Alirudi nyuma akazitazama. Miaka yote amepima watu, hakujua kwamba hata upepo una njia zake unazozirudia.

Akachana shuka kuukuu vipande vyembamba, akapika gundi ya unga wa ngano, nzito kama uji. Dirisha lilikuwa na vioo viwili, cha ndani na cha nje. Akaziba nyufa zote za vyote viwili, akisukuma kitambaa kwa ncha ya kisu.

Asubuhi ya tatu alisikia mama yake, aliyekuwa ameingia kuchungulia, akiita kutoka chumbani.

"Célestine! Kuya uone! Nani amefuma hii?"

Upande wa ndani wa kioo cha nje barafu ilikuwa imechora majani, manyoya, mishipa myembamba kuliko uzi. Célestine alikuwa ametarizi magauni ya harusi kwa miaka kumi na mitano. Alitafuta majani mawili yanayofanana, hakuyapata. Mama yake alikuwa ameshika mdomo.

Alipopigiwa simu Wilkister alicheka. "Umeziba mpaka kioo cha nje! Unyevu umekosa pa kutokea. Ziba cha ndani tu, cha nje kiache kipumue."

"Basi nitabandua sasa hivi."

"Hapana," Séraphine akadakia. "Wacha ikae mpaka kesho."

Ikakaa. Kesho yake Célestine alilainisha gundi kwa maji ya moto, akafungua, akakausha vioo, akaziba upya kile cha ndani peke yake, mara hii bila haraka.

Alasiri, giza la Desemba likianza kuingia, mama yake aliingia kujaribu. Akaweka kiganja kwenye fremu, akakihamisha, akakihamisha tena. Hakuna kitu. Ng'ambo ya bustani treni ya abiria ikapita na madirisha yake yote yanawaka taa, na chumbani hamkusikika hata mtetemo.

"Eh, Mungu wangu," alinong'ona, kana kwamba yumo kanisani. "Vitambaa tu?"

"Vitambaa na unga, Mama."

Séraphine alivua koti. Kisha akaomba kiti, akakiweka karibu kabisa na kioo, na kwa mara ya kwanza tangu afike akakaa kuitazama theluji ikianguka, taratibu, juu ya watu waliokuwa wakitembea kana kwamba si kitu.