Baluku Aliyekataa Kukaa

Kama hutaki kuamini, basi, lakini miguu iliyouma ni yangu. Haya yalinipata Kisumu, mchana kweupe, miaka ya sitini ikielekea mwisho.

Mama alinituma kutoka nyumbani Bwera kumtafuta kaka yangu Baluku, aliyekwenda huko kupakia mizigo melini nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kigoda chake kilikuwa karibu na jiko, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Mama alikuwa amechoka. Alitaka kujua kama alie au aendelee kungoja. Nikapanda treni Kasese, halafu meli.

Nilipotoka bandarini, kijana mmoja alinisalimu kwa Kikonzo, lugha ya kwetu, akaniita Bwambale. Sikushtuka. Kwetu mtoto wa pili wa kiume ndiye Bwambale; nikajua amebahatisha. Akasema yeye ni Baluku. Hilo nalo lingenishtua kwa nini? Kila nyumba ya kwetu ina Baluku wake, mzaliwa wa kwanza. Tena huyu alikuwa mdogo kuliko mimi, na kaka yangu angekuwa mtu mzima.

Alisema atanionyesha mji wote, huenda tukampata ninayemtafuta. Tukatembea: maghala, soko, kituo cha reli, mitaa ya Wahindi. Jua la Kisumu unalijua? Kila nilipotaka kupumzika alisema bado, kuna pahali pengine. Kwa mama muuza samaki niliagiza sahani mbili, akaleta moja. Nikamwona mchoyo tu. Nikala, mwenzangu amesimama.

Jioni tulirudi gatini. Nikajitupa juu ya gunia, nikamsihi naye akae. Akayatazama maji.

“Bwambale, miye nimechoka sana,” akasema. “Tangu nilianguka hapa, sijakaa chini hata siku moja. Ambia mama anizike, nikae.”

Nilipoinua kichwa kumuuliza mama yupi, gati lilikuwa tupu. Niamini, sikuwa nimekunywa.

Nyumbani nilieleza yote. Mama hakubisha. Tulizika shina la mgomba mahali pa mwili, na mama akakibeba kile kigoda mwenyewe, akakiweka juu ya kaburi. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akalala usingizi.

Miguu yangu haijapona hadi leo; nikitembea kidogo tu inawaka moto. Kwa hiyo nisikilize. Ukikutana ugenini na mtu wa kwenu asiyetaka kukaa, usiridhike na jina lake. Muulize la mama yake. Mimi nilitembea na kaka yangu siku nzima, nikimtafuta.